HAKI YA ASIYEANDIKIWA DHAMBI

Himdi zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na masahaba wake.

Ama baada ya hayo. Enyi ndugu zetu Waislamu, leo twawakumbusha haki ya watu ambao wengi wetu huwaona kuwa ni aibu ya nyumba: wenye ulemavu wa akili, na wasioweza kueleza haja zao kwa ulimi. Mmoja wao akipiga kelele, au akijiuma mkono, au akitoka mbio, sisi humwendea na nini? Na fimbo na kamba.

Tutazame Budalang'i, katika kaunti ya Busia, huko mto Nzoia uingiapo katika ziwa Victoria. Nchi hiyo ni tambarare, na mto hupasua kingo zake mara kwa mara. Mwaka 2020 mafuriko yaliwahamisha maelfu ya watu. Fikirini mama wa huko aliye peke yake, mwenye mtoto asiyejua hatari ya maji. Ataka kwenda shambani, wala hana wa kumwachia. Basi amfunga mtini. Kamba ile yeye aiona ni kinga. Lakini maji yakija, wenziwe watakimbia, naye hawezi.

Ni nani mwenye dhambi hapo? Tusifanye haraka kumlaumu mama. Jirani walipita, wakaona, wakaenda zao. Kumlinda mnyonge ni faradhi ya kutosheleza: wakiitimiza baadhi, wengine wamesamehewa, wakiiacha wote, wote wamepata dhambi.

Wala msidhani haya ni mambo ya bara tu. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilieleza kuwa wenye maradhi ya akili hufungwa minyororo katika nchi zipatazo 60, na Kenya imo. Je, katika miji yetu hakuna chumba cha uani kilichotiwa kufuli? Hakuna apigwaye kwa jina la kutolewa pepo?

Mtume wetu ametufundisha kuwa mwenye wazimu haandikiwi dhambi mpaka akili zimrejee, kama asivyoandikiwa mtoto mpaka abaleghe. Ikiwa Mola wake hamhesabii, sisi ni nani hata tumwadhibu?

Na Imam Muslim amepokea kisa cha mwanamke aliyekuwa na jambo katika akili yake, aliyemwambia Mtume kuwa ana haja naye. Mtume hakumfukuza, wala hakuwaita jamaa zake wamwondoe. Alimwachia achague njia aitakayo, akafuatana naye mpaka akamaliza haja yake. Tazameni: alimpa hiari, akampa wakati, akamsikiliza.

Basi na sisi, kabla ya kuinua mkono, tuulize: ana njaa? Sikio lamuuma? Kelele zamtisha? Kwa asiye na ulimi, kilio ndiyo maneno yake. Na amfungaye amemziba kinywa.

Mtasema: akikimbilia mtoni tumwache? Hasha! Kumshika asife ni wajibu. Hatari ikipita, aachiliwe. Kumfunga kutwa ili sisi tustarehe ni jambo jingine kabisa.

Serikali ya Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008, na kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 chaamrisha watendewe kwa heshima, wala wasiitwe kwa majina ya kuwadunisha. Ni aibu kwetu kungoja kuhimizwa na sheria ya serikali katika jambo tulilofundishwa na Mtume wetu.

Kila mtaa na ujue nyumba zake zenye mtu wa namna hii. Tupeane zamu za kukaa naye, mama apate kwenda kutafuta riziki. Na siku ya mafuriko, yeye awe wa kwanza kuchukuliwa.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atuwafikishe katika kheri, na azilainishe nyoyo zetu. Amin.