Gari Dogo la Zamani na Swali la Ukweli wa Mfano

Gari la mfuo ni gari dogo la umeme linalokimbia juu ya njia ya mbao au plastiki iliyochorwa mfuo mwembamba. Pini iliyo chini ya pua yake hukaa ndani ya mfuo huo, na nyuzi za shaba zilizosukwa hugusa tepe mbili za chuma na kuchukua umeme, kwa kawaida wa volti 12, hadi kwenye mota. Mchezaji huamua kasi tu. Kona zote zimekwisha kuamuliwa na mfuo. Mchezo huu ulienea baada ya Scalextric kuanza kuuzwa Uingereza mwaka 1957, na kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 32. Vilabu vingi vina daraja la magari ya mtindo wa zamani, yanayojengwa leo yakiwa na sura ya magari ya miaka ya 1950 na 1960. Je, kitu kilichoundwa mwaka huu kikavaa sura ya mwaka 1966 kinasema kweli?

Tuseme gari lenyewe ni Peugeot 404. Hili lilishinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, mara mbili likiendeshwa na Bert Shankland wa Tanzania. Mwaka 1963 na tena 1968 ni magari 7 tu yaliyomaliza. Pikapu zake baadaye zilibeba abiria kama matatu katika barabara nyingi za Kenya. Umbali kati ya ekseli zake ni milimita 2,650, hivyo kwenye mfano ni milimita 83. Fremu hulehemiwa kwa shaba ya manjano na waya wa chuma kigumu. Kipande cha risasi huwekwa karibu na pini ili pua isiinuke. Matairi membamba ya mpira husuguliwa kwa msasa hadi yawe duara kamili. Sumaku za kulivuta gari chini, zilizokuja miaka mingi baadaye, kwa kawaida hazikubaliwi, kwa hiyo nyuma huteleza kwenye kona kama ilivyokuwa enzi hizo.

Plato, katika kitabu cha 10 cha Jamhuri, alimshtaki mwigaji kwamba kazi yake iko mbali na ukweli, kwa sababu anashika sura ya kitu bila kukijua kitu chenyewe. Aristotle alijibu kwamba binadamu huiga tangu utotoni na hujifunza kwa kuiga. Jibu hilo lina ushahidi wa karibu. Mitaboni, katika eneo la Kathiani kaunti ya Machakos, kama kwingine Ukambani, watoto wamekuwa wakikunja waya kuwa gari, wakakata magurudumu kutoka soli ya ndara kuukuu, na kuunganisha ekseli ya mbele na usukani kwa waya mrefu unaofika kifuani. Gari hilo halina bodi wala rangi, lakini likisukumwa njiani huitii mikono ya mtoto. Limeacha sura likashika uendeshaji. Gari la mfuo limeshika sura likaacha uendeshaji. Kila mfano huacha mengi. Basi wingi wa mfanano si kipimo cha kutosha. La kuuliza ni kama kilichochaguliwa kimeshikwa kwa uaminifu.

Dini nazo zimeligusa jambo hili. Amri ya Kutoka 20 inakataza kuchonga sanamu na kuisujudia, na Wakristo wengi husoma sehemu hizo mbili pamoja: kosa ni ibada. Katika Uislamu, ambamo sanamu za viumbe zimekemewa vikali, Abu Dawud amepokea hadithi ya Aisha, mke wa Mtume Muhammad, na farasi wake wa kuchezea mwenye mabawa ya kitambaa; Mtume aliuliza habari zake, akacheka.

Mwanga mkubwa zaidi unatoka kwa Mkamba mmoja, John Mbiti, mzaliwa wa Kitui mwaka 1931. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika aligawa wakati kuwa Sasa na Zamani. Aliyekufa hubaki katika Sasa maadamu yupo hai anayemkumbuka kwa jina. Baadaye huzama katika Zamani. Kwame Gyekye wa Ghana alipinga dai lake kwamba Mwafrika wa jadi hana wakati ujao wa mbali, lakini hoja ya kumbukumbu haitegemei dai hilo.

Kwa kipimo hicho, 404 bado iko mpakani. Mzee aliyepanda pikapu yake hadi sokoni Mitaboni anaweza kuushika mfano na kusema taa za nyuma hazikukaa hivyo, na fundi akarekebisha. Mashahidi wa namna hiyo wakiisha, mfano wenyewe hugeuka ushahidi, na kosa la fundi huingia katika historia bila wa kulipinga. Ndiyo maana wajibu wa mjenzi huongezeka kadiri kitu chenyewe kinavyosahaulika.

Udanganyifu basi haumo katika kuiga. Gari lilelile likiuzwa kama lililotengenezwa kiwandani mwaka 1966 limekuwa uongo, ingawa hakuna skrubu iliyobadilika. Kilichobadilika ni tamko la muuzaji. Kwa hiyo mjenzi mwaminifu hulitia gari lake mwaka wa ujenzi chini ya fremu, na kilabu hutangaza wazi katika kanuni zake ni sehemu zipi zinazoruhusiwa kuwa mpya.