Deni la Nyuma na Chumba Kipya

Tumeulizwa neno ambalo si dogo. Kijana mmoja wa Ibaba ataka kwenda Tunduma kutafuta kazi, naye ahitaji chumba cha kupanga. Mwenye nyumba amemtaka barua ya mtu amjuaye. Basi kijana amemwendea mwalimu wa usharika. Lakini mwalimu ajua ya kuwa huyo alikopa katika kikoba, akaacha kulipa, na wenzake watatu waliomdhamini wakakatwa akiba zao. Aandike nini?

Twajua jinsi Tunduma ilivyo. Ni mji wa mpakani, ng'ambo ni Nakonde ya Zambia, na watu waja na kuondoka kila siku. Mwenye nyumba hamjui baba yako wala ukoo wako. Kwa hiyo adai kodi ya miezi mitatu, au sita, kabla hajatoa ufunguo. Fedha ile ni dhamana ya mtu asiyejulikana. Na maskini mwaminifu huibeba sawasawa na mdanganyifu, jambo linalotuhuzunisha.

Siku hizi kuna na daftari jingine. Tangu kanuni za Benki Kuu ya Tanzania za mwaka 2012 ziko ofisi zenye leseni zikusanyazo habari za wakopaji, na mabenki huziuliza kabla ya kukopesha. Mwenye vyumba vinne vya kupangisha hasomi daftari hilo. Yeye humwuliza dalali na jirani. Lakini njia ya kulisafisha jina ni moja. Ikiwa limeandikwa kosa, mtu ana haki ya kudai lisahihishwe, wala asione haya. Ikiwa lililoandikwa ni kweli, hapana cha kusahihisha, kuna cha kulipa tu. Nao wako wanaokopa kwa simu ili wazibe deni la kikundi, wakidhani wamepona. Kumbe wamehamisha ugonjwa toka mguu huu hata mguu ule.

Wengine husema: Huyu alipa kwa sababu ataka chumba, si kwa sababu ametubu. Sisi hatuoni kwamba neno hilo lina uzito sana. Mama aliyepoteza akiba yake ya mbegu hawezi kupanda moyo wa mtu, apanda mbegu. Na arudishiwe kwanza, habari za moyo zitafuata. Hata Zakayo alitaja kiasi atakachorudisha, mbele ya watu wote.

Lakini barua je? Wako wasemao kwamba upendo husitiri, basi mwalimu amsifu kijana na kunyamaza juu ya deni. Twauliza: upendo huo wasitiri kwa nguo ya nani? Ni nguo ya mwenye nyumba, ambaye pengine ni mjane na vyumba vile ndivyo chakula chake. Tumkumbuke Paulo alipomwandikia Filemoni kwa ajili ya Onesimo. Hakulificha deni, alilitaja, akaahidi kwa mkono wake mwenyewe kwamba yeye atalilipa. Barua ya namna hiyo ni ghali, na hatumlazimishi mwalimu yeyote mwenye watoto kuiandika. Hata hivyo aweza kuandika ya kweli: kijana alikuwa na deni, amelipa kiasi hiki, kimebaki kiasi hiki, na kila mwezi apunguza. Huenda kijana akanyimwa chumba kwa barua hiyo. Twajua, wala hatusemi kwamba ni jambo jepesi kwake.

Mwalimu aliyetuuliza alimwambia kijana aende kwanza kwa wale wadhamini watatu, ndipo arudi kwa habari ya barua. Akaenda. Wawili wamekubali kulipwa kidogo kidogo baada ya mavuno. Wa tatu hataki hata kumwona mlangoni pake, na barua haijaandikwa bado.