Utii wa Mwenye Nguvu: Farasi wa Nyumbani na Uwezo wa Kukataa

Utii na ridhaa hufanana mno kwa macho, kwa kuwa anayetii na anayeridhia wote hutenda kile walichotakiwa kutenda, na mtazamaji aliyesimama kando hana njia ya kujua kama kitendo hicho kimesukumwa na hofu, na mazoea au na hiari. Wanafalsafa wa siasa wamelijadili jambo hili kwa karne nyingi wakiwatazama raia na watawala, yaani viumbe ambao, hata wanapodanganya, angalau wanaweza kuulizwa. Ugumu wake halisi hujitokeza pale anayetii hawezi kuulizwa kwa maneno, tena ana nguvu kumshinda yule anayemtii, na mfano wa karibu wa hali hiyo ni farasi anayefugwa katika shamba la familia, ambaye hulishwa, husafishwa na kupandwa na watu walewale siku zote. Farasi wa kupandwa ana uzito wa kilo 500 hivi. Mtu anayemwongoza kutoka bandani hadi malishoni huenda hafikii kilo 60, na kama mnyama angeamua kwenda zake, kamba ingemchubua mtu huyo viganja tu. Kwa nini basi haendi zake?

Jibu la kwanza, ambalo wafugaji wengi hawalipendi, ni kwamba amelelewa asijue kuwa anaweza. Mafunzo ya farasi, karibu kote duniani, hutegemea kanuni ambayo wanasaikolojia huiita uimarishaji hasi, maana yake kumzoeza kiumbe tendo fulani kwa kumwondolea kero mara tu anapolitenda. Mpandaji hubana mbavu kwa miguu, farasi hupiga hatua, miguu hulegezwa. Huvuta hatamu, ambazo ni kanda za ngozi zilizofungwa kwenye lijamu, yaani kile kipande cha chuma kinachokaa mdomoni katika pengo lililo kati ya meno ya mbele na magego, farasi husimama, hatamu hulegezwa. Kinachofundisha hapo ni kule kulegeza, na ndiyo maana mkono usiojua kulegeza huzaa farasi ambaye watu humwita mkaidi, au mwenye mdomo mgumu, ilhali kilichotokea ni kwamba ameacha kusikiliza swali ambalo kila jibu lake huadhibiwa. Haifuati kwamba kila mafunzo ni ukatili, kwa sababu shinikizo dogo linaloondolewa upesi linaweza kuwa namna ya mazungumzo. Inafuata tu kwamba utulivu wa farasi, ukichukuliwa peke yake, hauthibitishi ridhaa hata kidogo. Wasemao kwamba kimya ni ridhaa walikuwa wakiwafikiria watu walio na ndimi.

Xenophon, askari wa Athens aliyepata kuwa mwanafunzi wa Socrates, aliandika katika karne ya 4 kabla ya Kristo risala juu ya upandaji farasi ambayo bado inasomwa na wataalamu wa fani hiyo, na ndani yake alishikilia, akimtaja Simon aliyemtangulia kuandika juu ya somo hilo, kwamba tendo ambalo farasi hulitenda kwa kulazimishwa halina ufahamu wala uzuri, sawa na mcheza ngoma anayechapwa viboko ili acheze. Hoja hiyo ni ya mtu anayejali uzuri kuliko haki, kwani Xenophon alitaka farasi wa vita na wa gwaride atakayependeza akiwa chini ya kamanda wake, lakini imegusa jambo ambalo sayansi ilichelewa kulifikia. Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walionyesha kwamba mbwa waliopigwa shoti za umeme wasizoweza kuzizuia kwa namna yoyote, baadaye walipowekwa mahali ambapo kuruka kizuizi kidogo kungewaokoa, wengi wao walilala chini wakavumilia. Hali hiyo iliitwa unyonge wa kujifunza, yaani kukata tamaa kunakotokana na kuzoea kwamba hakuna tendo linalobadilisha lolote. Farasi anayesifiwa kuwa mpole kabisa, anayefaa kwa mtoto anayeanza kujifunza, anaweza kuwa amefikia upole huo kwa imani, na anaweza pia kuwa amefikia hapo kwa kukata tamaa. Mnunuzi asiyetazama zaidi ya miguu na meno atalipa bei ileile kwa wote wawili.

Tatizo linazidi kuwa gumu kwa sababu farasi humsoma binadamu kuliko binadamu anavyojisoma mwenyewe. Mjini Berlin, mwanzoni mwa karne ya 20, Wilhelm von Osten alikuwa na farasi aliyeitwa Hans, ambaye watu waliamini kwamba anajua hesabu, kwa kuwa alijibu maswali ya kujumlisha na kugawanya kwa kupiga kwato chini idadi inayotakiwa. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alithibitisha kwamba Hans hakuwa akihesabu: alikuwa akitazama mabadiliko madogo mno ya kichwa na mwili wa muulizaji, ambayo muulizaji mwenyewe hakujua kwamba anayatoa, na pale muulizaji alipokuwa hajui jibu, farasi naye hakulijua. Kisa hiki husimuliwa kwa kawaida kama onyo kwa watafiti, na ni onyo kweli, lakini kwa mjadala huu kina uzito mwingine, kwani kinaonyesha kiumbe anayeitikia matakwa kabla hayajawa amri. Mwenye farasi anayejivunia kwamba mnyama wake hupenda kufanya anachokipenda yeye anaweza kuwa anatazama kivuli cha matakwa yake mwenyewe.

Kama ndivyo, ridhaa itafutwe wapi? Insha hii inashikilia kwamba ridhaa ya kiumbe asiye na maneno haiwezi kusomwa katika kutii kwake, bali katika mazingira ambamo kukataa kunawezekana na hakuadhibiwi, na kwamba mazingira hayo hutengenezwa zaidi katika kazi ndogondogo za kila siku kuliko mgongoni mwa farasi. Ichukuliwe kazi ya kusafisha kwato. Mtunzaji husimama ubavuni, karibu na bega, akiwa ametazama upande wa mkia. Huteremsha kiganja taratibu kutoka begani hadi juu kidogo ya kwato, huminya kidogo mshipa ulio nyuma ya mguu, na farasi akikubali huhamishia uzito wake kwenye miguu mingine mitatu na kuuachia ule mmoja ukunjwe. Kisha mtunzaji hukwangua samadi na changarawe kwa ndoano, akianzia kisiginoni kuelekea mbele, akiihadhari ile sehemu laini ya pembetatu iliyo katikati ya wayo, ambayo ikikaa na unyevu huoza na kutoa harufu kali inayotambulika mara moja. Kwa mnyama ambaye silaha yake kuu tangu enzi za nyika ni kukimbia, kumkabidhi mtu mguu ni kuiweka silaha hiyo mikononi mwake. Mguu huo unaweza kuchukuliwa kwa nguvu, kwa kamba na kwa msaidizi wa pili, na kazi ikaisha upesi. Unaweza pia kusubiriwa. Kwato hukua kwa karibu sentimita moja kwa mwezi na huhitaji kupunguzwa kila baada ya wiki sita hadi nane, kwa hiyo suala la nani anautoa mguu na kwa masharti gani halimaliziki siku moja.

Lugha ya Kiswahili ina methali inayohusu jamaa wa farasi, isemayo kwamba shukrani ya punda ni mateke, na ni jambo la kueleweka kwamba punda ndiye aliyepewa methali, kwani ndiye aliyebeba mawe ya matumbawe na mitungi ya maji pale Lamu, wakati farasi walikuwa wachache pwani na waliangamizwa kwa urahisi na maradhi yaletwayo na mbung'o huko bara. Methali hiyo inamsema mtu asiye na fadhila, na kwa mtu imesema kweli. Kwa punda mwenyewe hukumu ni ya haraka mno, kwa sababu teke kwa kawaida ni neno la mwisho katika maelezo marefu ambayo hayakusikilizwa: masikio yaliyolazwa nyuma, mkia uliopigwa ghafla, ngozi iliyokunjamana juu ya pua, kichwa kilichogeukia mkanda wa tandiko unapokazwa tumboni. Farasi anayefanya hivyo kila anapotandikwa huenda ana vidonda vya tumbo, maradhi ya kawaida kwa farasi wafungiwao ndani, kwa kuwa tumbo lake hutoa asidi muda wote, liwe na majani au liwe tupu, na mwili wake umeumbwa kula kidogo kidogo kwa saa nyingi za mchana na usiku. Anayemchapa kwa utovu wa adabu amemwadhibu mgonjwa kwa kutaja ugonjwa wake.

Hata hivyo, ingekuwa upuuzi kudai kwamba kila kukataa kuheshimiwe. Katika nyanda za juu za Kenya, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, kuna ugonjwa wa virusi uitwao homa ya farasi ya Afrika, unaoenezwa na visubi wanaouma hasa kuanzia magharibi hadi alfajiri, na ambao katika sura yake kali ya mapafu huua wengi wa farasi wasio na kinga. Mfugaji mwenye busara huwachanja farasi wake, na msimu wa mvua huwaingiza bandani kabla jua halijazama, saa ambayo hewa imepoa, majani ni matamu, na hakuna farasi anayetaka kuingia. Hapa kukataa kunapuuzwa, na inafaa kupuuzwe, kwa kuwa mnyama hana namna ya kumjua kisubi. Tofauti iliyopo ni kati ya kukataa kunakotokana na kutojua hatari na kukataa kunakotokana na kujua maumivu: juu ya visubi mfugaji ana elimu ambayo farasi hana, lakini juu ya tandiko linalobana mabega ni farasi mwenye elimu, na mfugaji ndiye mjinga. Mamlaka ya malezi huishia pale elimu ya mlezi inapoishia.

Nyanda hizohizo, ambako walowezi wa Kizungu waliwaingiza farasi kwa wingi mwanzoni mwa karne ya 20, zinatoa mfano mwingine unaofaa kutazamwa. Huko aliyempanda farasi na aliyemtunza walikuwa mara nyingi watu wawili: mmoja mwenye shamba, mwingine saisi, yaani mtumishi wa farasi, aliyeamka kabla ya wote kumwagia pumba, kutoa samadi, kupiga brashi na kumtandika, na ambaye mara nyingi naye hakuwa na uhuru mkubwa wa kukataa. Hegel, katika kitabu chake cha mwaka 1807 kuhusu fenomenolojia ya roho, alieleza kwamba bwana hutamani kutambuliwa na mtumwa wake, kisha hugundua kwamba utambuzi utolewao na asiye huru hauna thamani. Katika banda la nyanda za juu kulikuwa na pande tatu badala ya mbili, na mnyama aliitikia sauti ya yule aliyebeba ndoo. Watu wa hisia nyingi husema hayo ni mapenzi. Yawezekana ni ndoo tu. Lakini mguu wa nyuma, ule ambao farasi huutoa kwa kusitasita kuliko wote, hautolewi kwa ajili ya ndoo.

Kwamba farasi wana la kusema wakipewa nafasi lilionyeshwa waziwazi mwaka 2016, pale watafiti wa Norway, akiwemo Cecilie Mejdell, walipochapisha matokeo ya kuwafundisha farasi 23 kugusa kwa pua ubao wenye alama: alama moja ikimaanisha kuvishwa blanketi, nyingine kuvuliwa, na ubao mtupu ukimaanisha kuachwa walivyo. Farasi wote walijifunza ndani ya wiki mbili, na chaguo zao zilifuata hali ya hewa, wakiomba blanketi penye mvua na baridi na kuomba kuvuliwa penye joto. Hakuna aliyehitaji lugha ya binadamu. Walihitaji mtu aliyekubali mapema kwamba atatii jibu lolote atakalopewa.

Wafugaji wengi wa nyumbani hawatatengeneza mbao za alama, wala si lazima. Wanachoweza kufanya ni kuacha kamba ikiwa imelegea wakati wa kusafisha kwato na kukaza mkanda wa tandiko kwa hatua badala ya mkupuo mmoja, wakiyatazama masikio. Na farasi akiondoa mguu au akigeuza kichwa kwa siku kadhaa mfululizo, aitwe kwanza daktari wa mifugo, kisha fundi wa matandiko, na fimbo ibaki ilipotundikwa.