Baba, Mwana na Gombo

Soma kwa ajili ya somo hili: 2 Wafalme 22, 2 Mambo ya Nyakati 34:1–3, 35:20–24, Yeremia 36, Luka 8:18.

Wako wanaosema kwamba kulipokea Neno ni jambo la kuzaliwa nalo: mmoja amejaliwa moyo laini, mwingine moyo mgumu. Kama ndivyo, je, ni haki mtu kuhukumiwa kwa kutolipokea Neno? Biblia inatupatia baba na mwana wa kutusaidia kujibu.

Yapata mwaka 622 K.K., Shafani mwandishi alimsomea Mfalme Yosia kitabu cha torati kilichopatikana hekaluni. Mfalme akararua mavazi yake, akatuma watu wamwulize Bwana. Nao wakamwendea nabii mke Hulda. Miaka 18 hivi baadaye, mwanawe Yehoyakimu aliketi mbele ya moto katika nyumba ya wakati wa baridi, akisomewa gombo la Yeremia. Kila zilipokwisha kusomwa safu tatu au nne, zilikatwa kwa kisu cha mwandishi na kutupwa motoni, hadi gombo lote likateketea. Yeremia 36:24 inataja wazi kwamba hakuna aliyerarua mavazi yake.

Linganisha 2 Wafalme 22:11–13 na Yeremia 36:22–25. Wafalme hawa walifanana katika nini? Walitofautiana wapi?

Wote wawili walisikia. Yehoyakimu hakuziba masikio; alisikiliza safu baada ya safu. Wala hatuwezi kusingizia malezi. Ni kweli kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, lakini Yosia alitoka katika nyumba ya Amoni, mwabudu sanamu, naye Yehoyakimu alikua wakati wa matengenezo ya baba yake. Kitabu kilipopatikana, alikuwa na umri wa miaka 12 hivi. Hata mmoja wa wale waliomsihi asilichome gombo alikuwa Gemaria, mwana wa Shafani mwandishi. Alipewa nafasi ya kuacha, akaikataa.

Basi moyo mwororo wa Yosia ulitoka wapi? Tunajua kwamba alianza kumtafuta Mungu katika mwaka wa nane wa kutawala kwake, akiwa na miaka 16 tu. Kitabu kilisomwa miaka kumi baadaye. Neno lilipofika, lilimkuta mtu ambaye tayari alikuwa amezoea kutii kile kidogo alichokijua. Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Neema ya Mungu hulainisha moyo, lakini kila siku sisi ndio tunaochagua kuikubali au kuikataa.

Hata hivyo, ulaini wa moyo hauwekwi akiba. Huyu huyu Yosia, mwishoni mwa maisha yake, alikataa kuyasikiliza maneno ya Mungu yaliyomjia kwa kinywa cha Neko, mfalme wa Misri, akajeruhiwa vitani Megido, akafa. Huenda hakutarajia onyo la Mungu kutoka kwa mtu kama huyo. Nasi, tuliokaa kanisani miaka mingi, tunaweza kudhani kwamba utii wa jana unatosha kwa leo.

Tena, si lazima tuwe na moto na kisu ili kuliharibu gombo. Tunalikata tunapolisoma fungu linalogusa fedha zetu, ndoa zetu au jirani tusiyetaka kumsamehe, kisha tukaharakia fungu linalofuata. Tunalikata pia tunaposema, “Fungu hili linamfaa fulani.”

Yeremia 36:3 inaonesha kwa nini gombo liliandikwa: ili watu waache njia zao mbaya, naye Mungu awasamehe. Kwa hiyo kilichoteketea mbele ya Yehoyakimu kilikuwa mwito wa msamaha. Mungu aliagiza gombo liandikwe tena, na maneno mengi yakaongezwa. Neno halikupungukiwa na kitu. Aliyepata hasara ni yule aliyelichoma. Ndiyo maana Yesu anatuonya tuangalie jinsi tunavyosikia.

Maswali ya Kujadili:

1. Ni fungu gani la Biblia ambalo umekuwa ukilikwepa? Kwa nini?

2. Tutatofautishaje kati ya kulichunguza Neno, kama Yosia alivyotuma watu kwa Hulda, na kulipinga?

3. Darasa lenu linaweza kufanya nini ili vijana wasiwe wasikiaji tu wa imani ya wazazi wao?