Lafudhi ya Msomaji, Sikio la Msikilizaji

Mwaka 2005 Hugh McGuire, mkazi wa Montreal nchini Kanada, alianzisha LibriVox, mradi wa watu wanaojitolea kusoma kwa sauti vitabu vilivyokwisha hakimiliki, kuvirekodi na kuvitoa bure kwa yeyote anayetaka kusikiliza. Mradi huo una kanuni mbili ambazo zikiwekwa pamoja zinaleta swali. Ya kwanza ni kwamba kila msomaji anapokewa. Hakuna usaili, lafudhi ya mtu haihukumiwi, na wenzake hawaruhusiwi kumkosoa kwamba anasoma kinyonge au hana mvuto, maadamu hakuomba kukosolewa. Ya pili ni kwamba faili lake lazima liwe karibu na desibeli 89. Likiwa chini mno au juu mno linarudi kwake alirekebishe, hata kama amesoma kwa ufasaha wa kumtoa nyoka pangoni. Sasa, jumuiya inayokataa katakata kupima uzuri wa usomaji inapata wapi ujasiri wa kupima ukubwa wa sauti? Wengi watasema hilo ni suala la mafundi mitambo tu. Mimi naona ni jibu, lililofikiwa pengine bila kukusudia, la swali ambalo dini zimelishughulikia kwa karne nyingi: katika kitu kinachotolewa bure, kipi ni cha mtoaji na kipi ni haki ya mpokeaji? Dai langu ni kwamba lafudhi, mwendo na hisia ni za msomaji, lakini kiwango cha sauti ni cha msikilizaji, na anayejitolea hana ruhusa ya kukitumia kama mali yake.

Tuanze na kinachotokea masikioni. Vitabu vingi vya namna hii husomwa kwa kugawana: sura ya kwanza kwa huyu, ya pili kwa yule, kila mmoja nchini kwake. Mmoja ameweka mdomo karibu na maikrofoni, mwingine ameegemea kiti. Msikilizaji aliyepandisha sauti ili amsikie wa pili anashtuliwa na wa tatu. Tofauti ya desibeli kumi inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini sikio huihesabu kuwa karibu maradufu. Na hata ndani ya faili la mtu mmoja, pumzi inapokaribia kwisha sentensi hudidimia. Kwa Kiswahili hasara hiyo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani, maana lugha yetu imeweka mambo mazito kwenye ncha ya kitenzi, baada ya mkazo kupita. Aliyepiga na aliyepigwa wanatenganishwa na silabi ya mwisho. Msomaji akiimeza, mshitaki anageuka mshitakiwa. Mwenye macho na kitabu atafungua ukurasa ahakikishe. Asiyeona hana pa kuhakikishia. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Kenya, Uganda na Tanzania zimejiunga nao, umepunguza kikwazo cha hakimiliki katika kuwaandalia wasioona vitabu wanavyoweza kuvitumia. Hakuna mkataba, hata hivyo, utakaomrudishia mtu silabi iliyomezwa.

Ushahidi wangu wa kwanza unatoka katika Qur'ani. Aya ya 110 ya Sura Al-Israa inamwelekeza Mtume asiinue sana sauti katika sala wala asiifiche, bali ashike njia ya katikati. Mtu anaweza kuichukulia kuwa ni adabu ya mja mbele ya Mola wake na basi. Lakini sababu ya kushuka kwake, kama ilivyopokewa kutoka kwa Ibn Abbas, inatazama na upande mwingine. Ilikuwa Makka, siku za kujificha. Sauti ikipanda sana, washirikina wanaisikia na kuitukana Qur'ani. Ikishuka sana, maswahaba wanaoswali nyuma hawapati kitu. Njia ya katikati haikutokana na kile ambacho koo la msomaji linakipenda. Ilitokana na masikio: yapi yafikiwe na yapi yasifikiwe. Ikiwa kisomo kitukufu kiasi hicho kilipangiwa kimo chake kwa kuangalia hali ya wanaosikia, sioni msomaji wa riwaya atasimama wapi kudai kwamba sauti yake ni yake na ipokewe ilivyo.

Ushahidi wa pili unahusu utoaji wenyewe. Al-Baqara 264 inaonya kwamba sadaka hubatilishwa na masimbulizi na udhia, na aya tatu mbele waumini wanakatazwa kuchagua vibovu ili wavitoe, ilhali wao wenyewe wasingevipokea ila kwa kufumba macho. Katika Biblia, nabii Malaki anawakabili makuhani wanaoleta madhabahuni mnyama kipofu au kilema, akiwapa shauri la kejeli: wampelekee liwali wao, waone kama atawaridhia. Vipimo vyote viwili vinamwondoa mtoaji kitini pake na kumkalisha penye kiti cha mpokeaji. Havimwulizi ametaabika kiasi gani. Vinamwuliza, ungepewa wewe, ungekipokea? Msomaji anayetaka kujipima kwa haki atalazimika kufanya jambo ambalo wengi hulikwepa, nalo ni kusikiliza faili lake mwenyewe toka mwanzo hadi mwisho, kwenye simu ya kawaida, ndani ya daladala, bila kugusa kitufe cha sauti. Hapo ndipo atakapogundua kwamba kufikia dakika ya kumi alikuwa ameshaanza kuchoka na kuteleza kitini, huku maikrofoni imebaki pale pale.

Lipo pingamizi ambalo naliheshimu. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na Injili inamtukuza mjane aliyetia sarafu mbili ndogo katika sanduku la hekalu kuliko matajiri waliotia vya ziada. Huyu msomaji amekwishatoa saa zake za usingizi. Kumrudishia kazi kwa sababu ya desibeli nne si kumvunja moyo tu, na kumdai asiyedaiwa? Lakini tuzitazame zile sarafu. Zilikuwa ndogo, hazikuwa bandia. Mweka hazina aliweza kuzihesabu pamoja na nyingine bila kuzitengea kisanduku chake. Udogo wa sadaka hutokana na uwezo, na hapo hakuna wa kumhukumu mwenzake. Ubovu wake aghalabu hutokana na kutoangalia. Anayeweza ukurasa mmoja na asome ukurasa mmoja, ila usikike. Kuhusu kudaiwa, kweli hakuna aliyemlazimisha kujiandikisha. Ila akishaandikwa kwenye sura ya saba, wengine wanaiacha sura ya saba. Ameshika zamu, na zamu ina wenyewe wanaoingoja.

Kwa nini basi tutegemee namba badala ya busara ya msomaji? Kwa sababu busara hiyo zamani ilikuwa na nyuso za kuzitazama. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, inamweka msomaji wa wiki mezani pa watawa: anaanza zamu Jumapili, anaombewa asiingiwe na majivuno, na chumba kizima kinanyamaza ili isikike sauti yake peke yake. Katika maulidi ya pwani, anayesoma Barzanji akififia, waliokaa mkekani wanamjulisha papo hapo kwa macho, na kuna wazee wasioridhika na macho tu. Aliyejifungia chumbani na maikrofoni hana hata mmoja wa kumkunjia uso. Msikilizaji wake yuko mji asioujua, na huenda hajazaliwa. Ile 89 kwenye kioo cha kompyuta imesimama mahali pa uso huo. Ndiyo maana sikubaliani na wanaoiona kuwa ni urasimu. Benedikto, kwa njia, hakumruhusu kila mtawa asome kwa kufuata zamu tu; walisoma wale ambao usomaji wao unawajenga wasikilizaji. LibriVox imeufungua mlango huo kwa watu wote, na naamini imethubutu kuufungua kwa sababu yale machache yanayomgusa msikilizaji moja kwa moja haikuyafanya hiari.

Wako watakaosema kwamba usawa wa sauti unaua usomaji: mnong'ono wa mgonjwa na ukelele wa askari vikilazwa kimo kimoja, kilichobaki ni tangazo la kituo cha treni. Pingamizi hili linachanganya mambo mawili. Kipimo cha desibeli 89 huangalia wastani wa faili zima, na kulipandisha faili kufikia hapo ni kuongeza kiasi kile kile kila mahali, hivyo mnongʼono unabaki chini ya ukelele kwa tofauti ile ile ya mwanzo. Kinachobana vilele na kuinua mabonde ni kazi nyingine kabisa, na hiyo ndiyo inayostahili kuogopwa, maana ikizidishwa huingia katika mipaka ya msomaji. Isitoshe, usawa si adui wa hisia. Mahmoud Khalil al-Husary, aliyerekodi Qur'ani nzima huko Misri katika kazi iliyotolewa mwaka 1961, alisoma kwa murattal, kisomo cha mwendo uliotulia, tofauti na mujawwad unaopanda na kushuka kwa madaha mbele ya hadhara. Hadhara ina uso. Sahani ya santuri haina. Aliyesikia kisomo kile na kusema ni kikavu, tatizo si la al-Husary.

Kuna wanaopinga kwa niaba ya maskini. Wanasema viwango ni vya wenye studio, na kwamba tukivishikilia tutabaki na sauti za nchi tajiri peke yake. Hapa nakubali nusu. Kusawazisha kiwango hakugharimu kitu: programu ya Audacity ni ya bure, na kazi yenyewe haizidi dakika chache. Lakini sauti iliyorekodiwa chini ikipandishwa, inapanda pamoja na feni, jokofu na jogoo wa jirani. Anayeishi chini ya bati hawezi kuiamuru mvua inyamaze, wala hana fedha za kuta za kuzuia kelele. Kwa hiyo, kama ningekuwa mwamuzi, ningesamehe kelele kwa wepesi zaidi kuliko ninavyosamehe kiwango. Kelele za mtaa zinamfikia msikilizaji kama habari za mahali msomaji alipo, nalo sikio lake huzizoea. Kiwango kinachorukaruka halikizoei, kwa sababu kila mara linalazimika kuanza upya. Na dawa ya kwanza ya vyote viwili ni kusogea karibu na maikrofoni na kutobanduka, jambo linalomwezekana tajiri na fukara sawasawa.

Linabaki pingamizi la mashine. Siku hizi kompyuta husoma kitabu kizima kwa kimo kisichoyumba, haikohoi, haitelezi kitini. Kama usawa ndio haki ya msikilizaji, basi mashine inaitekeleza kuliko sisi, na anayejitolea akalale. Sitalipamba jibu langu. Mwanafunzi asiyeona anayehitaji kitabu cha mtihani kesho, apewe mashine leo. Kumsubirisha miezi ili sisi tupate thawabu ni kumtumia yeye kwa faida yetu. Ila pingamizi linakosea linapodhani kwamba usawa ndiyo zawadi. Usawa ni sharti la zawadi kufika. Zawadi yenyewe ni kwamba mtu mwingine ameipitia sentensi hii kabla yako, akaamua ni nani anayesema na kwa ghadhabu au kwa mzaha, akaitoa kama alivyoielewa. Unaweza kutokubaliana naye. Kutokubaliana na msomaji ni sehemu ya kusikiliza kitabu, na inahitaji kuwe na mtu wa kutokubaliana naye.

Tofauti hii ya mipaka kati ya msomaji na msikilizaji inasaidia pia katika jambo linalozidi kuwa la lazima. Kazi za kujitolea zina rekodi nyingi za watu waliokwisha kufa, na baadhi zilifanywa kwa vifaa duni vya wakati wao. Zile za LibriVox ni mali ya umma, kwa hiyo kisheria yeyote anaweza kuzigeuza. Je, ni halali kimaadili? Kama hoja yangu ni sahihi, kumpandishia marehemu desibeli sita ni halali na ni wema, kwa kuwa kiwango hakikuwa chake tangu hapo. Tunakifikisha tu kwa mwenyewe. Kufuta pumzi zake ili aonekane kijana, kuharakisha mwendo wake ndani ya faili lenyewe, au kuchukua neno alilolitamka kwa lafudhi ya kwao na kulibadilisha kwa sauti iliyoigwa na mashine, hata kama limetamkwa vibaya, ni kuingia upande wake. Anayetaka neno hilo litamkwe vingine na akae mbele ya maikrofoni yake, asome kitabu upya kwa jina lake.