Bunduki ya marehemu: thamani hurithiwa, leseni hairithiwi

SIFA zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahli zake na Sahaba zake.

Ndugu zangu Waislamu, mirathi ni katika mambo ambayo Allah (s.w.) hakuwaachia watu wapangiane. Mafungu ameyabainisha Mwenyewe katika Suratun-Nisaa, aya ya 11, 12 na 176. Kabla ya hapo, katika aya ya 7, ametufahamisha kuwa wanaume wana sehemu yao na wanawake wana sehemu yao katika mali ya wazazi na jamaa, hata ikiwa ndogo. Hakutoa shamba, hakutoa ng'ombe, na hakutoa bunduki.

Tunaitaja bunduki kwa sababu katika familia nyingi ndicho kitu kinachopita pembeni ya mirathi. Nyumba itahesabiwa, viwanja vitahesabiwa, mpaka baiskeli ya marehemu itaandikwa. Lakini bunduki huondoka kimya kimya usiku wa matanga. Mtoto mkubwa wa kiume huichukua akasema, "Hii ni heshima ya mzee." Au hubaki chini ya kitanda cha mjane, naye hajui hata kama ina risasi ndani.

Tabora na gobore

Hapa Tabora jambo hili lina mizizi mirefu. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Unyanyembe, na katika karne ya 19 magobore na baruti vilipanda kutoka pwani huku pembe za ndovu na watumwa wakiteremshwa. Mwaka 1871 vita vilipamba moto kati ya Mtemi Mirambo na wafanyabiashara wa Kiarabu wa Tabora, na bunduki zilikuwa pande zote mbili. Januari 1893 Mtemi Isike, alipozidiwa na Wajerumani, aliilipua baruti ndani ya boma lake kuliko kukamatwa.

Basi haishangazi kuwa kwa wengine bunduki ya babu ni kama nasaba. Lakini tuseme kweli. Historia hiyo ina ushujaa na ina dhulma pia, na bunduki zile zile zililinda misafara iliyofunga watu minyororo. Chombo hakimpi mtu utukufu. Na kumbukumbu ya mzee, hata ikiwa tamu kiasi gani, haifuti haki ya mjane na mabinti.

Sheria inasemaje?

Nchini Tanzania umiliki wa silaha unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Leseni hutolewa kwa mtu, kwa jina lake, baada ya kuchunguzwa yeye. Mtu huyo akifariki, leseni yake haihamii kwa mkewe wala kwa mwanawe. Familia inatakiwa kutoa taarifa na kuikabidhi silaha polisi. Mrithi anayetaka kuimiliki anaomba leseni yake mwenyewe, naye achunguzwe kama mwombaji mwingine yeyote. Silaha za kivita hazimo kabisa katika hesabu hii, kwani raia hapewi leseni yake.

Kukaa nayo bila leseni si kosa dogo. Kumiliki silaha kinyume cha sheria hushitakiwa pamoja na Sheria ya Uhujumu Uchumi, na baada ya marekebisho ya mwaka 2016 kifungo kinaweza kufikia miaka 30. Je, mama aliyetoka eda juzi, anayelala juu ya bunduki ya marehemu mumewe, analijua hilo? Na huyo kijana anayejiona ameshika heshima ya mzee, anajua kuwa ameshika kesi?

Dini inasemaje?

Wapo watakaosema kuwa haya ni ya serikali, na kwamba kisheria ya dini mali ya baba ni ya watoto. Hapa ndipo panapotakiwa ufafanuzi. Kilichorithiwa ni thamani ya ile bunduki. Ruhusa ya kuishika haikuwa mali ya marehemu hata airithishe. Ilikuwa amana aliyopewa kwa masharti, na Allah (s.w.) ametuamrisha katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, turejeshe amana kwa wenyewe. Masharti ya kulinda roho za watu hayamwamrishi Muislamu maasi, hivyo hana udhuru wa kuyakwepa.

Tutazame mwenendo wa Mtume (s.a.w.). Imepokewa katika Sahihi Bukhari kuwa alipofariki hakuacha dinari wala dirhamu, bali aliacha nyumbu wake mweupe, silaha zake na ardhi aliyoifanya sadaka. Silaha za mbora wa viumbe hazikugombewa kuwa za nani. Na deraya yake ilikuwa rehani kwa deni la shayiri. Fundisho ni kuwa hata chombo cha vita ni mali inayohesabiwa, na deni lina haki yake kabla ya mrithi.

Vilevile Bukhari na Muslim wamepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alimwamuru mwenye mishale apitapo msikitini au sokoni azishike ncha zake asije akamjeruhi Muislamu, na akakataza mtu kumwelekezea ndugu yake silaha. Ikiwa ncha ya mshale ina adabu yake, itakuwaje bunduki iliyoachwa uvunguni, na wajukuu wanacheza chumba hicho hicho?

Wengine husema, "Mzee aliniusia mimi." Ndugu yangu, wasia kwa mrithi haupiti ila warithi wenzako waridhie. Na ukisema alikupa zawadi angali hai, zawadi hukamilika kwa kukabidhiwa, na mzee hakuwa na ruhusa ya kumkabidhi silaha asiye na leseni.

Nini kifanyike?

Kwanza, msiiguse ovyo wala msiibebe mitaani. Mtoeni taarifa mtu mzima wa familia pamoja na mwenyekiti wa mtaa kwa polisi, ili ikabidhiwe kwa utaratibu pamoja na risasi zake na leseni ya marehemu. Dai hati ya makabidhiano.

Pili, familia imteue msimamizi wa mirathi athibitishwe na Mahakama ya Mwanzo, ambayo ina uwezo wa kusikiliza mirathi ya Kiislamu. Msimamizi hutakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne, au muda zaidi mahakama ikiruhusu. Bunduki yenye leseni iandikwe humo.

Tatu, mrithi mmoja akipata leseni, aichukue kwa thamani yake na wenzake wapate haki zao. Asipopatikana, iuzwe kihalali kwa mwenye ruhusa. Tuchukulie imepata shilingi 1,600,000, madeni yameshalipwa, na marehemu ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili tu. Mke atapata thumni, yaani 200,000. Mtoto wa kiume 700,000, na kila binti 350,000. Kijana anayeiondoa usiku amekula 900,000 za mama yake na dada zake. Aya ya 10 ya Suratun-Nisaa, inayowaonya kwa moto wanaokula mali ya yatima, na isomwe pale ambapo dada hao bado ni wadogo.

Nne, gobore lisilo na leseni lisalimishwe. Serikali imewahi kutoa msamaha kwa wanaosalimisha kwa hiari, ukiwemo wa Septemba na Oktoba 2023. Msikae kungojea msamaha mwingine. Waoneni viongozi wa mtaa au wakili, mjue njia salama.

Maimamu wetu, jambo hili lisemwe kwenye hotuba za Ijumaa, na liulizwe siku ya hitma kama linavyoulizwa deni: je, marehemu aliacha silaha? Na wewe mzee unayeimiliki kihalali, iandike leo katika wasia wako, uwaambie warithi ilipo na karatasi zake zilipo. Usimwachie mjane wako kesi ukadhani umemwachia ulinzi.

Wabillahi tawfiq.