Kibali na Bastola

Jimbo la Vermont nchini Marekani halitoi kibali cha kubeba bastola iliyofichwa. Mwaka 1903 mahakama ya juu ya jimbo ilibatilisha amri ya mji wa Rutland iliyowataka watu waombe ruhusa kwanza. Ukisoma jedwali la vibali la nchi nzima, basi, Vermont ni sifuri. Ukipita mitaani kwake, hujui nani ana bastola ndani ya koti.

Sifuri hiyo ni swali zito la falsafa: anayehesabu karatasi amewahesabu watu?

Mwanauchumi John Lott, katika kitabu chake cha mwaka 1998, More Guns, Less Crime, alidai kwamba mhalifu husita kwa kuwa hajui nani amejihami. Kwa hoja hiyo kinga imo ndani ya siri yenyewe, hata asiye na silaha anaifaidi. Lakini siri hiyohiyo inamfunga macho mtafiti, naye hukimbilia vibali, ambavyo kituo cha utafiti cha Lott kilivihesabu kupita milioni 21 mwaka 2024.

Vibali hivyo vinapima sheria kuliko vinavyopima watu. Texas, kwa mfano, mwombaji alilazimika kukaa darasani, kufyatua risasi 50 mbele ya mwalimu na kuchukuliwa alama za vidole. Tangu 1 Septemba 2021, aliyetimiza miaka 21 na asiyezuiwa na sheria kumiliki bastola hahitaji hayo yote ili kuibeba. Akiamua kutoomba, hayumo kwenye hesabu, na bastola iko kiunoni. Wengine bado wanaomba, kwa sababu kibali kinawafaa wakivuka kwenda majimbo mengine yanayokitambua.

Upande wa pili, wenye kibali wengi huiacha silaha nyumbani. Utafiti uliowahoji wamiliki wenyewe mwaka 2019 ulikadiria kuwa watu wapatao milioni 6 hubeba bastola yenye risasi kila siku, mara mbili ya makadirio ya mwaka 2015. Hapo aliulizwa mtu, na ingawa mtu anaweza kudanganya, swali angalau lilihusu bastola.

Kufikia mwaka 2024 majimbo 29 hayakudai kibali. Anayetumia idadi ya vibali kuthibitisha kwamba raia waliojihami wameongezeka au wamepungua anadai kujua asichokijua, katika jambo la uhai wa watu. Wanaobishana, wa pande zote mbili, waiache takwimu hiyo na wagharamie tafiti za kuwauliza watu wenyewe.